Tunapima kina cha Mto Tana, nani anapima pumzi yake?

Mvua ikipiga sana Mlima Kenya, simu za Garissa zinaanza kulia. "Maji yanakuja." Anayeishi karibu na mto anahamisha magodoro, mwenye duka anapandisha magunia ya mchele juu ya meza, na makundi ya WhatsApp yanajaa sauti za watu wakiulizana barabara iko vipi pale Madogo. Ukiwa Masalani una muda kidogo zaidi wa kujipanga, kwa sababu maji hupita kwanza Garissa mjini ndipo yateremke Ijara. Hivyo ndivyo tumezoea kuujua Mto Tana. Umepanda au umeshuka? Basi.

Leo nataka nikuulize swali ambalo hakuna ujumbe wa simu umewahi kukuuliza. Hayo maji yana pumzi kiasi gani?

Najua unasema maji na pumzi wapi na wapi. Hata mimi nilikuwa hivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikatika na kuna sababu zingine ambazo si za leo, kwa hivyo usidhani unasomeshwa na daktari wa sayansi. Kilichonisukuma nianze kusoma mambo haya ni dimbwi. Baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023 nilishuka kwa abti yangu karibu na Masalani. Mto ulikuwa umerudi nyumbani kwake na kuacha madimbwi makubwa kwenye nyanda. Alfajiri moja tukakuta samaki wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanameza hewa kama abiria waliobanwa kwenye matatu yenye madirisha yasiyofunguka. Kufikia saa nne wengi walikuwa wameelea. Abti akatazama, akasema, "Maji yameoza." Nikadhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe alikuwa amenipa ripoti nzima ya maabara kwa maneno mawili.

Kaa nami kidogo. Hii stori inaanzia kwenye lile dimbwi, inapita Nairobi, inafika baharini Kipini, na inarudi kwako wewe unayekunywa maji ya Tana ama unayekula mchele uliolimwa kwa maji yake.

Samaki hakulishwa sumu

Samaki anahitaji oksijeni kama wewe, ila yake imeyeyuka ndani ya maji, na ni kidogo sana. Maji matamu ya nyuzijoto 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita. Yakifika nyuzijoto 30, joto la kawaida kwetu huku chini, yanashika kama saba na nusu. Yaani hata kabla mtu hajachafua chochote, samaki wa Ijara anaamka na akiba ndogo kuliko samaki wa Nyeri. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hukimbia. Asiye na pa kukimbilia, kama yule wa dimbwini, anakufa.

Nani anaimaliza? Bakteria. Mafuriko yakifunika nyanda yanazamisha nyasi, majani, mizoga na kinyesi cha mifugo. Bakteria wanashukia hiyo karamu, na ili wale, lazima watumie oksijeni. Usiku hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu mimea ya majini ambayo mchana inatoa oksijeni, giza likiingia nayo inaivuta. Ndiyo maana tuliwakuta wale samaki wanahema alfajiri, si adhuhuri.

Dimbwi moja likioza, dunia haijaisha. Mimi na abti tulisikitika, marabu wakala wakashiba, maisha yakaendelea. Tatizo ni kwamba kile kilichotokea pale kinaweza kutokea kwenye mto mzima, kwenye mlango wa mto, hata kwenye kipande cha bahari. Na hapo ndipo mgeni mmoja anaingia kwenye stori, jina lake naitrojeni.

Mfuko wa mbolea unapofika majini

Asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuila hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch wakapata njia ya kuinasa kutoka hewani na kuigeuza kiwandani, na tangu hapo dunia inalishwa kwa mbolea. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni safi. Sina vita na mbolea. Bila hiyo wengi wetu hatungekuwa na ugali mezani, na wakulima wa Kenya bado wanatumia kidogo ukiwalinganisha na wenzao wa Ulaya.

Ila mmea hauli kila unachopewa. Mvua ikija ghafla, sehemu ya ile mbolea inateremka na maji. Ongeza mkojo na kinyesi, cha watu na cha mifugo, kwa sababu humo pia naitrojeni imejaa. Ongeza maji machafu ya viwanda vya kusafisha kahawa kule milimani. Vyote vina njia moja tu: kijito, mto, bahari.

Ikishaingia majini, naitrojeni hupita hatua tatu, na ukizishika hizi tatu utakuwa umeelewa habari yote.

Ya kwanza, ile ya mkojo na kinyesi iko katika hali ya amonia. Bakteria wanaigeuza kuwa naitreti, na kazi hiyo inakula oksijeni. Ya pili, naitreti ni chakula. Mwani, yaani vile vijani vidogo vinavyofanya maji yawe kijani, vinashiba na kuzaana kwa kasi. Baadaye vinakufa, vinazama, bakteria wanavila, na oksijeni inaondoka tena. Ya tatu ndiyo ya kupenda. Chini kwenye matope, mahali ambapo oksijeni haifiki, wako bakteria wengine ambao badala ya oksijeni wanatumia ile naitreti. Wanaigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, inapanda juu, inarudi hewani ilikotoka. Deni limelipwa.

Hiyo hatua ya tatu ndiyo figo ya mto. Inachuja uchafu bila kukutumia bili. Lakini figo hii inadai vitu viwili: muda na matope. Maji yatembee polepole, na yaguse ardhi kwa upana. Ukimnyima mto hivyo viwili, kila kitu kinashuka moja kwa moja hadi baharini.

Umeshajua nitakakoelekea?

Nairobi inakunywa Tana, inachafua Athi

Kuna jambo Wanairobi wengi hawalijui. Maji mengi ya bombani mwao yanatoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 kwenye Mto Thika. Mto Thika unaingia Tana. Lakini maji hayo yakishanywewa, yakafua nguo na kusukuma vyoo, hayarudi Tana. Yanaenda Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Kwa maneno mengine, bonde letu linatoa maji safi, na bonde la jirani linapokea maji taka.

Huo mto wa jirani ndio kioo chetu. Kati ya Agosti 2011 na Mei 2012, kundi la watafiti likiongozwa na Trent Marwick wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, akiwemo Mkenya Fredrick Tamooh, liliupima Athi hadi Sabaki mara tatu: wakati wa kiangazi, wakati wa vuli na wakati wa masika. Matokeo yalichapishwa 2014, na kwangu yalikuwa kama kusoma riwaya.

Kule juu, karibu na Nairobi, maji yalikuwa na asilimia 36 hadi 67 tu ya oksijeni ambayo yangeweza kushika. Amonia ilikuwa imejaa. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mdogo, naitrojeni katika kituo cha juu kabisa ilikuwa kama mara sita ya ile ya misimu ya mvua. Ungedhani basi bahari ndiyo ingeumia zaidi wakati wa kiangazi, si ndiyo?

La. Kiangazi, maji yalikuwa yanajikokota. Njiani, bakteria wakapata muda wa kufanya kazi yao. Amonia ikageuzwa naitreti, naitreti ikapungua hatua kwa hatua, na mto ulipofika mwisho wake ulikuwa na naitrojeni kidogo, kiasi unachoweza kukuta kwenye mito ya Afrika ambayo haijachafuliwa. Mvua zilipokuja, ikawa kinyume. Uchafu ulikuwa umechanganyika na maji mengi kwa hivyo haukuonekana mkali, lakini maji yalikimbia. Hakukuwa na muda wa kuchuja. Kilichoingia juu kilitokea chini.

Na hata hiyo kazi ya kiangazi si ya bure kabisa, kwa sababu sehemu fulani za mto zilishikwa na mwani mwingi, na gesi nyingine ya naitrojeni inayopasha dunia joto ilipanda hewani. Lakini somo kubwa ni lile. Mto unajisafisha ukipewa muda. Mafuriko hayatoi muda.

Kiboko wa Mara na ng'ombe wa malka

Sasa turudi kwetu, tukipitia Mara njiani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikaa miaka kwenye Mto Mara wakichunguza viboko. Viboko kama 4,000 wa pale wanalala majini mchana na kula nyasi usiku, na kila siku wanaangusha mtoni takriban tani 36 za kinyesi. Kiangazi, kinyesi kinatulia chini ya madimbwi yao na kuoza bila oksijeni. Mvua ikija inakizoa chote kwa mkupuo. Katika miaka mitatu, hawa watafiti walihesabu mara 49 ambapo maji yaliongezeka ghafla na oksijeni ikashuka. Mara 13 ilishuka hadi kiwango cha kuua. Watu walikuwa wameshazoea kuona samaki waliokufa Mara na kulaumu dawa za mashambani. Kumbe kuna wakati muuaji ni kinyesi cha kiboko pamoja na mvua.

Mimi niliposoma hivyo nikafikiria malka zetu. Kama hujawahi kufika, malka ni njia inayoachwa ili mifugo ifike mtoni kunywa. Kiangazi kikikaza, mifugo ya Garissa, Tana River na hata ya mbali zaidi inasongamana kwenye malka chache. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Ijara, ambayo kwa kawaida ndiyo inapata nyasi wakati kwingine hakuna, ilipokea mifugo ya kila mtu. Piga hesabu ya samadi na mizoga iliyobaki kwenye kingo za mto na kwenye laga. Halafu Oktoba 2023 El Nino ikafungulia mabomba, na msimu wa masika wa 2024 ukaja na mafuriko mengine.

Bakteria hawaulizi kinyesi kilitoka kwa kiboko ama kwa ng'ombe wa nani. Wakipata chakula, wanakula.

Tafadhali usitoke hapa ukisema nimelaumu wafugaji. Mfugaji hana pengine pa kunyweshea. Malka nazo zinapungua kila mwaka kwa sababu kila mtu anataka shamba la kando ya mto, kwa hivyo mifugo ile ile inabanwa kwenye nafasi ndogo zaidi. Hilo ni swali la mipango ya ardhi. Na mkulima wa Mpokomo anayepanda miembe na mahindi kwenye ukingo naye anatumia udongo ambao mafuriko yamemletea bure miaka nenda miaka rudi. Sisi tunagombania mpaka wa Garissa na Tana River uko upande upi wa mto. Nimeshasikia kila aina ya hoja kuhusu nani mwenye ukingo. Kuhusu kilicho ndani ya maji, kimya.

Ijara haina bahari, kwa hivyo inatuhusu vipi?

Swali zuri. Kaunti ya Garissa inaishia Ijara na haigusi bahari. Lakini Tana inaendelea. Inapita mkabala na Ishaqbini, ile hifadhi ya jamii inayomlinda hirola, inaingia delta, inatawanyika kwenye vijito, maziwa madogo na mikoko, kisha inafika Kipini na kumwagika kwenye Ghuba ya Ungwana. Delta hiyo imo kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 2012. Ghuba hiyo ndiyo shamba la kamba la Kenya. Wavuvi wadogo na meli kubwa za nyavu wamegombania kamba wa pale hadi serikali ikasimamisha meli hizo 2006. Na unajua kamba wanaanzia maisha wapi? Kwenye mikoko na maji ya chumvi nusu, pale pale mto unapokutana na bahari. Wakikosa pumzi utotoni, hakuna cha kugombania.

Mahali mto unapokutana na bahari pana hatari yake. Maji matamu ni mepesi, kwa hivyo yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Yale ya chini yanafungiwa, hewa mpya haiyafikii. Mwani ukifa na kuzama kwenye maji yaliyofungiwa, oksijeni inaisha na hakuna ya kuijaza. Ndivyo yalivyozaliwa yale yanayoitwa maeneo mfu. Marekani wanalo moja maarufu mahali Mto Mississippi unapoingia Ghuba ya Mexico, na mbolea ya mashamba ya mahindi ndiyo mshukiwa mkuu. Mwaka 2008 wanasayansi walihesabu maeneo kama hayo zaidi ya 400 duniani. Miaka kumi baadaye hesabu ilipita 500. Bahari yote kwa jumla imepoteza karibu asilimia 2 ya oksijeni yake tangu miaka ya 1960, na hapo kosa kubwa ni joto.

Je, Ungwana imekufa? Haijafa, na sitakudanganya ili ubofye. Pia si kila samaki anayekufa pwani ameuawa na mto. Januari na Februari 2002, samaki walikufa kwa wingi kutoka pwani ya Somalia hadi Kiunga na Lamu, majirani zetu wa upande wa pili wa msitu wa Boni. Aliyeshukiwa ni mwani uliolipuka baharini. Bahari yetu ya kaskazini ina tabia zake wakati wa kaskazi, na ukipanda juu zaidi hadi Ghuba ya Oman, watafiti waliotumia roboti za chini ya maji walitangaza 2018 kwamba pana eneo kubwa lisilo na oksijeni, kubwa kuliko nchi ya Scotland. Kwa hivyo upande mmoja bahari inapungukiwa na pumzi kwa sababu zake. Upande mwingine mto unaweza kuiongezea mzigo. Hilo la kwanza, kijana wa Masalani hawezi kulizuia peke yake. La pili linaamuliwa kando ya mto, na sisi tuko kando ya mto.

Swali la bwawa

Hapa ndipo siasa inaingia, kaa ange.

Mto Tana una urefu wa kilomita kama 1,000 na tayari umefungwa mara tano pale juu: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme unaochajia simu yako kwa sehemu unatoka hapo. Kwa miaka mingi serikali imekuwa na mpango wa bwawa lingine, High Grand Falls, chini ya Kiambere, na likijengwa kama lilivyochorwa litaipita Masinga mbali sana kwa ukubwa. Hoja zake unazijua: umeme, maji ya kunyunyizia mashamba, na kuzuia mafuriko.

Ukiwa umewahi kulala kwenye kambi ya waliofurika, hiyo hoja ya tatu ni tamu. Sitasimama mbele ya mama aliyepoteza nyumba 2023 na tena 2024 nimwambie mafuriko ni mazuri.

Lakini fikiria ile figo. Nyanda za Ijara na delta ndizo matope na muda wa Mto Tana. Maji yakitambaa juu ya nyanda, yanapungua kasi, mchanga na udongo unatulia, naitreti inachujwa, nyasi za mifugo zinaota, samaki wanazaa. Ukizuia mafuriko yote, nyanda zinakauka, na mto unabaki mfereji. Kisha ukifungua mashamba makubwa kandokando yake, unaongeza mbolea kwenye mfereji usio na figo. Na maji ya chini kabisa ya bwawa refu, yasiyopata hewa, mara nyingi yana oksijeni kidogo. Yakifunguliwa kutoka chini, yanateremka hivyo hivyo.

Kuna njia ya katikati. Bwawa linaweza kuendeshwa liachilie mafuriko madogo yaliyopangwa, kwa tarehe zinazotangazwa mapema, ili nyanda zinywe bila watu kufa. Linaweza kujengwa lichote maji ya juu yenye hewa. Mashamba yanaweza kuachiwa ukanda wa miti na matete kati yake na mto. Haya mambo yanagharimu, na hayawekwi kwenye mkataba mtu asipoyauliza. Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa dunia kuhusu uchumi wa buluu Novemba 2018, na tangu hapo kila mwanasiasa wa pwani anajua kusema "uchumi wa buluu". Ajabu ni kwamba huo uchumi unaanza milimani, kwenye mashamba ya kahawa na mpunga wa Mwea, na unapita mbele ya Masalani.

Kwa hivyo tufanye nini?

Mimi nina ombi moja tu, kwa sababu ukiwa na maombi kumi hakuna hata moja linalofanyika. Tupime pumzi ya mto.

Pale Garissa kuna kituo kinachopima kina cha maji, na namba zake ndizo zinazokufikia mvua ikizidi. Kupima oksijeni si roketi. Ni kifaa chenye kihisi unachotumbukiza majini na kusoma namba. Mwaka 2008 watafiti wa kigeni na wenzao Wakenya waliufuata Tana kutoka vyanzo vyake hadi delta wakipima vitu kama hivi, kwa hivyo inawezekana. Lakini picha moja ya msimu mmoja haitoshi. Yale ya Sabaki yamekuonyesha kwamba mto wa kiangazi na mto wa masika ni mito miwili tofauti. Tunahitaji namba za kila wiki, Garissa, Masalani, Garsen na Kipini: oksijeni, joto, amonia na naitreti. Zitangazwe kama kina kinavyotangazwa.

Kwa nini nang'ang'ania kipimo? Kwa sababu bila namba, kila kesi ni porojo. Samaki wakifa, mfugaji atalaumu mkulima, mkulima atalaumu mfugaji, wote watalaumu watu wa milimani, na watu wa milimani watasema tulete ushahidi. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo kwa maji taka yanayomwagwa mtoni: bakteria wasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita ili kuyaozesha. Kikomo kizuri. Kinasaidia nini kama upande wa chini hakuna anayesoma kipimo? Na miji yetu inakua. Masalani ya leo si ya miaka kumi iliyopita. Ni rahisi kupanga maji taka yaende wapi mji ukiwa mdogo. Waulize Nairobi.

Wewe na mimi tunaanzia wapi? Katiba, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili, huhitaji digrii, na mimi ndiye mfano wa hilo la mwisho. Unaandika barua ya ukurasa mmoja: naomba vipimo vyovyote vya oksijeni na naitrojeni mlivyonavyo vya Mto Tana kutoka Garissa hadi Kipini, na tarehe zake. Unatia sahihi, unabaki na nakala.

Yangu nimeielekeza kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na naipeleka wiki hii. Nimemsomea abti kwa simu. Akanyamaza, kisha akauliza kama nimeandika kuhusu lile dimbwi. Nikamwambia sijaandika. Akasema, "Andika. Waambie tuliona."

Nimeongeza aya moja. Ukiamua kupeleka yako, andika ulichokiona na siku uliyokiona. Siku ya 22 nitakuwa hapa kukuambia walijibu nini.